Kutazama Ndege wa Maji Kwenye Ziwa Lililoganda Nusu: Mwongozo Kamili

Ziwa likianza kuganda, wengi huirudisha darubini kabatini na kungoja joto. Hapo ndipo wanapokosa uhondo. Majira ya joto bata hutawanyika matetani, na madume hupukutisha manyoya yao ya rangi wakabaki na vazi la kahawia linalofanana na la majike. Unaweza kushinda ukingoni siku nzima ukarudi na bata watatu usioweza kuwataja. Baridi hufanya kinyume. Kila usiku barafu inameza kipande kingine cha maji, na ndege waliobaki wanazidi kusogeleana, mpaka asubuhi moja unawakuta mamia wamebanana kwenye uwazi usiozidi uwanja wa mpira, madume wakiwa wameshavaa rangi zao za uchumba.

Ila ukifika tu na kuanza kuwapekua kundi zima mmoja mmoja, utaganda wewe kabla hujamaliza. Isome barafu kwanza. Ukishajua kwa nini maji yamebaki wazi mahali fulani, nusu ya ndege watakaokuwapo unawajua kabla hujainua darubini.

Ndege wengi wa huku kwenye baridi hawana jina la Kiswahili lililozoeleka. Nitatumia jina la kisayansi na kueleza sura. Jina hilo ndilo utakalolikuta katika kitabu chochote cha ndege, kiwe cha lugha gani.

Hatua ya 1: Chora ziwa kabla hujatoka nyumbani

Maji yana tabia ya pekee. Yakipoa huwa mazito na kuzama, lakini yakishuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi yanaanza kuwa mepesi tena na kubaki juu. Ndiyo maana ziwa huganda kuanzia usoni, na kule chini hubaki maji ya nyuzi 4 hivi ambamo samaki, konokono na mimea huendelea kuishi. Lakini uso wenyewe hauwezi kuganda mpaka maji yaliyo chini yake yamepoa. Ghuba yenye kina cha mita moja humaliza kazi hiyo kwa siku chache za baridi kali. Sehemu yenye kina cha mita 30 huchukua wiki nyingi, na kuna miaka haigandi kabisa.

Kwa hiyo tafuta ramani inayoonyesha kina cha ziwa. Ukiikosa, tazama picha za satelaiti za siku za karibuni. Barafu huonekana nyeupe au kijivu, na maji huonekana meusi. Kisha kwenye karatasi weka alama mahali mito na vijito vinapoingia, mahali maji yanapotoka, penye chemchemi, chini ya madaraja na kwenye milango myembamba ambako maji hukimbia. Maji yanayotembea huchelewa kuganda. Kama kuna kituo cha umeme au kiwanda kinachomwaga maji ya moto ziwani, kizungushie duara mara mbili: hapo panaweza kubaki wazi hata siku ambazo ziwa zima limefunikwa.

Usisahau upepo. Barafu ambayo haijashika ukingo husukumwa kama mkeka juu ya maji. Upepo ukivuma kutoka kaskazini siku nzima, barafu hurundikana ukingo wa kusini, na ufa mpana wa maji hufunguka upande wa kaskazini, kule upepo unakotoka. Upande huo pia ndio wenye utulivu, kwa kuwa nchi kavu huukinga. Bata wanalijua hilo kuliko sisi. Kabla ya kutoka, angalia upepo wa jana ulivuma kutoka wapi, siyo wa leo tu.

Na kuna uwazi mmoja usioonekana kwenye ramani yoyote: ule unaotengenezwa na ndege wenyewe. Kundi kubwa la batamaji, wale weupe wenye shingo ndefu, na mabata bukini likiogelea pale pale usiku kucha huyatibua maji yasipate nafasi ya kushikana. Ukiona duara la maji katikati ya barafu tupu, pasipo mto wala chemchemi, na limejaa ndege, huenda ndio wanaolilinda.

Hatua ya 2: Chagua pa kusimama

Maziwa mengi yanayoganda yako nusu ya kaskazini ya dunia, ambako jua la majira ya baridi hupita chini upande wa kusini. Simama ukingo wa kusini, tazama kaskazini, na mwanga utakuwa nyuma yako karibu siku nzima. Kama hupafiki, asubuhi kaa upande wa mashariki, alasiri uhamie magharibi. Ukilikabili jua la chini linalopiga juu ya barafu, kila ndege atakuwa kivuli cheusi, na macho yatakuuma mpaka kesho yake.

Tafuta mwinuko. Jambo hili watu hulidharau. Ukisimama usawa wa barafu, uwazi ulio mita 300 mbele yako huonekana kama uzi mweusi, na bata waliomo wamefichwa na ukingo wa barafu. Panda mita tatu nne tu, kwenye tuta, kilima kidogo au sakafu ya mnara wa kutazamia ndege, uzi ule unafunguka kuwa dimbwi na vichwa vinaanza kuhesabika.

Gari lililoegeshwa mahali pazuri ni maficho bora kuliko hema. Ndege humwogopa mtu anayetembea kwa miguu miwili. Bati lililotulia hawalijali sana.

Hatua ya 3: Vaa kwa ajili ya kusimama

Kosa la kwanza la kila mgeni wa kazi hii ni kuvaa kama anayekwenda kutembea. Anayetembea hujipasha joto. Wewe utasimama saa mbili jicho likiwa kwenye kioo. Vaa tabaka: la ndani la sufu au kitambaa cha michezo kinachokausha jasho, la kati nene, la nje lisilopitisha upepo. Pamba iache nyumbani, maana ikilowa jasho haikauki upesi na inakunyonya joto.

Miguu ndiyo hushindwa kwanza. Viatu viwe na nafasi. Soksi mbili zilizobanana ndani ya kiatu kidogo hubana damu na kukufanya uhisi baridi zaidi ya soksi moja nene. Halafu beba kipande cha godoro la sponji au mkeka wa mazoezi, ukikanyage unaposimama. Kinaonekana kichekesho, lakini nilipoanza kukitumia ndipo nilipoacha kurudi nyumbani kabla ya saa sita. Mikononi vaa glavu nyembamba ndani ya glavu nene zisizo na vidole, ili uweze kurekebisha darubini bila kubaki mikono mitupu. Chupa ya chai ya moto siyo anasa.

Vidole vikigeuka vyeupe na kufa ganzi, viingize kwapani mwako; usivisugue, na wala usivipake theluji kama wengine wanavyoshauri. Mwenzako akianza kutetemeka sana, kuangusha vitu na kuongea kama mlevi, safari imekwisha. Mpeleke penye joto.

Hatua ya 4: Darubini na baridi

Kwa darubini ya mkononi, 8x42 au 10x42 inatosha. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwale unaofika jichoni: 8x42 hutoa milimita 5.25, na 10x42 milimita 4.2. Siku za mawingu mazito na jioni za mapema, tofauti hiyo unaiona. Mimi hupendelea 8, kwa sababu mikono inayotetemeka kwa baridi hutetemesha zaidi picha iliyokuzwa mara 10.

Ziwa likiwa kubwa utahitaji teleskopu ya kutazamia ndege, yenye ukuzaji wa 20 hadi 60, juu ya stendi ya miguu mitatu. Usiivute mpaka 60 kwa pupa. Kwa siku nyingi za baridi, 25 au 30 huonyesha zaidi ya 60, kwa sababu hewa iliyo juu ya maji na hewa iliyo juu ya barafu zina joto tofauti, na zikichanganyika picha hutikisika kama inayoonekana kupitia moshi wa jiko. Mtikisiko huo huzidi jua linapopanda. Alfajiri na siku za mawingu ndizo za kuona mbali.

Chombo chenyewe nacho kipewe muda. Kikitoka kwenye gari lenye joto, kiache nje kama nusu saa kabla ya kukilaumu. Ukirudi nyumbani kifunge ndani ya mfuko kabla hujaingia mlangoni, unyevu ushike mfuko badala ya vioo. Usipumue karibu na kioo cha jicho. Ukitazamia ndani ya gari, zima kipasha joto na ushushe dirisha; hewa ya moto inayotoka dirishani huharibu picha kuliko ukungu. Simu na betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi huzimaliza upesi. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu hugoma.

Hatua ya 5: Barafu ni ya ndege

Kanuni inayorudiwa sana ni kwamba barafu safi, ngumu, yenye unene wa sentimita 10 humbeba mtu mmoja anayetembea. Isahau. Mahali penye maji wazi ndipo barafu ilipo nyembamba, na sababu zile zile ulizochora kwenye ramani yako, yaani mkondo, chemchemi, daraja na maji ya moto, ndizo zinazoila barafu kutoka chini pasipo wewe kuona. Theluji iliyolala juu hufanya mambo kuwa mabaya zaidi: huficha nyufa na kuzuia baridi isiifikie barafu kuikaza. Barafu nyeupe yenye mapovu ina takriban nusu tu ya nguvu ya ile inayoonekana hadi chini. Mtazamaji wa ndege hana sababu hata moja ya kutoka ukingoni. Hata ukingoni kwenyewe, jihadhari na rundo la barafu lililojengwa na mawimbi, maana mara nyingi chini yake ni tupu.

Hata hivyo lijue la kufanya, kwa sababu huenda ukamwona mtu mwingine akizama. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, mtafiti wa miili ya watu kwenye baridi, amelieneza kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza mwili hushtuka na pumzi hukatika; kazi yako ni kutulia mpaka pumzi irudi. Dakika 10 zinazofuata mikono na miguu bado inakutii, zitumie kutoka. Baada ya hapo viungo hukataa, lakini inaweza kufika saa 1 kabla mtu hajapoteza fahamu kwa baridi. Kutoka, geukia ulikotokea, kwa kuwa barafu ya huko ilikubeba. Piga miguu mpaka mwili ulale usawa wa maji, jivute kwa tumbo, na ukishatoka usisimame: bingirika hadi mbali. Aliye ukingoni apige simu ya dharura, anyooshe tawi au arushe kamba. Asiingie.

Na mbwa afungwe kamba. Mara nyingi anayezama ni mwenye mbwa aliyemfuata mbwa, naye mbwa hutoka mwenyewe.

Hatua ya 6: Wagawe kwanza, wataje baadaye

Sasa inua darubini. Usiulize "huyu ni nani?" Uliza "huyu anakulaje?" Kina cha maji kinachogawa barafu ndicho kinachowagawa na bata.

Kundi la kwanza ni bata wa kubinuka. Hawazami, hubinua makalio juu na kufikia kile ambacho shingo inaweza kufikia. Wakitulia mkia wao huwa umeinuka juu ya maji, na wakiruka hupaa wima kana kwamba wamerushwa. Hawa hukaa kwenye maji mafupi, kwa hiyo ghuba zikiganda wao ndio wa kwanza kuhama au kubanana kwenye midomo ya vijito. Anas platyrhynchos, dume mwenye kichwa cha kijani na pete nyeupe shingoni, ndiye utakayemkuta karibu kila mahali. Ile sauti kubwa ya "kwa-kwa-kwa" ni ya jike. Dume husema kwa sauti ya chini iliyokauka. Bata mdogo kupita wote, dume mwenye kichwa chekundu-kahawia na utepe wa kijani machoni, ni Anas crecca. Wa jenasi Mareca, yaani wenye neno hilo mwanzoni mwa jina lao la kisayansi, wana mbinu ya kuchekesha: maji yakiwa marefu mno kwao, huwasubiri wapiga mbizi waibuke na majani, kisha huwanyang'anya.

Kundi la pili ni hao wapiga mbizi, na ndio wafalme wa ziwa lililoganda nusu. Miguu yao iko nyuma zaidi, mkia hulala karibu na maji, na wakitaka kuruka hukimbia juu ya maji hatua nyingi kwanza. Kwa sababu hiyo hawapendi kidimbwi kidogo. Wanahitaji uwanja wa kupaa. Aythya fuligula dume ni mweusi mwenye ubavu mweupe na kishungi kinachoning'inia kisogoni. Aythya ferina ana kichwa cha rangi ya kutu, kifua cheusi na mgongo wa kijivu. Ukiona bata mwenye kichwa kikubwa cheusi kinachong'aa kijani, jicho la njano na doa jeupe la duara kati ya jicho na mdomo, huyo ni Bucephala clangula. Akipita juu yako utamsikia kabla ya kumwona, maana mabawa yake hupiga mluzi.

Ndani ya kundi hili kuna wavuvi wenye midomo myembamba yenye meno kama msumeno. Mkubwa wao, Mergus merganser, ni mrefu kama mtumbwi, dume akiwa na mwili mweupe wenye rangi ya waridi kwa mbali, kichwa cha kijani-giza na mdomo mwekundu uliopinda ncha. Mdogo wao, Mergellus albellus wa Ulaya na Asia, dume ni mweupe mwenye mistari michache myeusi. Kwenye ukingo wa barafu unaweza kumpita mara tatu. Nimempita zaidi ya hapo, nikijiambia ni bonge la barafu, mpaka bonge likapiga mbizi.

Batamaji watazame mdomoni. Cygnus olor ana mdomo wa rangi ya chungwa na nundu nyeusi juu yake. Cygnus cygnus ana mdomo mweusi wenye njano iliyochongoka kuelekea mbele kupita tundu la pua. Amerika Kaskazini, wenyeji wawili wana mdomo mweusi. Mdogo kati yao, Cygnus columbianus, mara nyingi ana doa dogo la njano mbele ya jicho.

Kukuziwa, mweusi mwenye paji na mdomo mweupe, siyo bata hata kidogo. Vidole vyake vina vipande vya ngozi kama majani, na mara nyingi utamkuta akitembea juu ya barafu. Vibisi nao siyo bata, na ndege wakubwa wa jenasi Gavia pia siyo. Hawa wana shida yao. Miguu yao iko nyuma kabisa ya mwili, hawawezi kuruka kutoka kwenye barafu, na Gavia huhitaji mbio ndefu sana majini. Uwazi ukiwafungia usiku, wamenaswa. Ukimwona Gavia peke yake kwenye tundu linalopungua kila siku, usimfuate. Wapigie simu waokoaji wa wanyamapori wa eneo hilo.

Na wale waliolala? Kwenye baridi nusu ya kundi huwa vichwa vimefukiwa mgongoni. Tumia ubavu na umbo: ubavu mweupe wenye mpaka mkali, mgongo wa kijivu, mkia ulioinuka au uliolala. Ukikwama, subiri. Bata aliyelala hufumbua jicho na kuinua kichwa mara kwa mara, na mara moja inakutosha.

Mwisho pekua barafu yenyewe. Mabonge meusi yaliyokaa peke yake karibu na maji yanaweza kuwa tai: Haliaeetus albicilla kwa Ulaya na Asia, Haliaeetus leucocephalus kwa Amerika Kaskazini. Wanangoja aliyedhoofika. Kukuziwa wakijikusanya ghafla kuwa pande moja jeusi, au ziwa zima likiruka kwa pamoja, acha kutazama bata. Tazama juu.

Hatua ya 7: Hesabu, na uandike barafu

Kuhesabu huogopesha mpaka ujue ujanja wake. Hesabu kumi mmoja mmoja, ukariri ukubwa wa kipande hicho machoni, kisha kipime juu ya kundi zima: kumi, ishirini, thelathini. Kundi likiwa kubwa, tumia kipande cha hamsini. Kwa wapiga mbizi, sehemu ya kundi iko chini ya maji wakati wote, kwa hiyo hesabu mara tatu kwa dakika chache na uchukue hesabu kubwa. Kama wanapumzika badala ya kula, bahati yako.

Tenganisha madume na majike pale unapoweza. Kwa Aythya ferina, kwa mfano, madume huwa wengi zaidi upande wa kaskazini kwa kuwa majike wengi husafiri mbali zaidi kusini. Uwiano huo una thamani kuliko jumla tupu.

Kisha andika kile karibu kila mtu anachosahau: sehemu gani ya ziwa ilikuwa imeganda. Bata 800 kwenye ziwa lililo wazi ni habari moja. Bata 800 kwenye uwazi wa mwisho wa wilaya nzima ni habari nyingine kabisa. Bila asilimia ya barafu, mwaka ujao utaona 200 na kudhani wamekufa, kumbe baridi ilikuwa nyepesi na wametawanyika.

Hesabu yako ina pa kwenda. Sensa ya kimataifa ya ndege wa maji inayoratibiwa na Wetlands International, shirika la kuhifadhi ardhioevu, ilianza 1967 na hufanyika katikati ya Januari, kwa sababu wakati huo ndege wengi wametulia mahali pamoja. Amerika Kaskazini kuna hesabu ya Krismasi ya Audubon, shirika la kuhifadhi ndege, iliyoanza 1900, kati ya Desemba 14 na Januari 5. Siku nyingine zote, ingiza orodha yako kwenye eBird, hifadhi ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, iliyozinduliwa 2002.

Hatua ya 8: Usiwarushe

Bata wa baridi anaishi kwa hesabu ya akiba. Mchana ni mfupi, chakula kiko chini ya barafu, usiku ni mrefu. Kila akiruka anachoma akiba, na hapa pana tofauti na majira mengine: ukimtoa kwenye uwazi wa mwisho, huenda hana pengine pa kutua.

Wao wenyewe watakuonya. Kwanza wanaacha kula. Kisha shingo zinanyooka, wanakuelekeza ubavu na kuanza kuogelea pole pole kwenda upande wa pili. Mabata bukini huanza kutikisa vichwa na kuitana. Ukiona shingo zimenyooka umeshasogea mno. Rudi nyuma kwa utulivu, usingoje hatua inayofuata. Usiwarushie mkate. Ndege aliyekufa usimguse kwa mkono mtupu wala usimwache mbwa amnuse, kwa sababu ya mafua ya ndege. Toa taarifa kwa wanaohusika, na safisha viatu kabla ya kwenda ziwa jingine.

Jingine: bata aliyetulia juu ya barafu bila kusogea mara nyingi hajaganda. Amelala. Miguuni mwake mishipa inayoshuka na damu ya moto hupita ubavuni mwa ile inayopanda na damu baridi, joto likahamia humo kabla ya kufika kwenye vidole. Vidole hubaki na joto dogo tu juu ya kuganda, ndiyo maana haviyeyushi barafu wala havipotezi joto jingi. Mguu mmoja ukiwa umefichwa manyoyani, upotevu unapungua tena. Mtazame kwa nusu saa kabla ya kuita mtu. Karibu kila mara atasimama, ajinyooshe, na kuondoka zake.

Hatua ya 9: Panga siku yako

Fika kabla jua halijachomoza. Mabata bukini hulala juu ya barafu au majini, mbali na mbweha, na huondoka kwenda mashambani kwa makundi mara tu mwanga ukitosha. Dakika hizo 40 ndizo za kelele. Baada ya hapo wapiga mbizi wanaanza kula, na hewa bado haijaanza kutikisika: hapo ndipo utambue na kuhesabu. Karibu na adhuhuri wengi hulala. Na wewe nenda ukanywe chai.

Alasiri rudi kutazama uchumba. Bata wengi huchaguana wenzi majira haya haya ya baridi, si masika. Dume wa Bucephala clangula hutupa kichwa nyuma mpaka kinagusa mgongo, kisha anapiga teke maji yakaruka, na madume matano yanaweza kufanya hivyo kwa zamu mbele ya jike mmoja anayejifanya hawaoni. Jua likizama, mabata bukini wanarudi. Utawasikia kwa mbali, halafu mistari inatokea, na wa kwanza wanatua juu ya barafu wakiteleza kwa vifua.

Kama una uhuru wa kuchagua siku, chagua tatu: siku ya pili ya baridi kali ya kwanza, wakati ghuba zimefunga na waliokuwa wamejificha wanahamia katikati, asubuhi baada ya dhoruba, inayoweza kuleta wageni kutoka baharini, na siku barafu inapoanza kupasuka. Hiyo ya tatu fika mapema sana. Maji mapya hufunguka kwenye midomo ya vijito kwanza, na bata wa kubinuka waliopotea kwa wiki nzima wanaweza kuwa wameshatua hapo kabla yako.